Nesi Niliyemwita Tapeli

Nakumbuka siku niliyomfukuza nesi kwa simu, mwanangu, kisha nikakaa kwa kiti nikijisifu. Wacha nikueleze mwenyewe kabla majirani hawajaongeza chumvi.

Nilikuwa nachimba viazi hapa Olenguruone, jembe la meno likatoboa gambuti, kiatu changu cha mpira, likaingia mguuni. Nikakimbizwa Nakuru, idara ya dharura. Wakasafisha kidonda, wakanidunga sindano, wakaniambia: baada ya siku mbili nenda zahanati ya kwenu ubadilishiwe bandeji. Nikaitikia vizuri sana. Nilichotaka ni kurudi nyumbani. Mimi hata harusini huulizia njia ya kurudi kabla chakula hakijaiva.

Siku ya nne bado sikuwa nimetoka bomani. Simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Mzee, mimi ni nesi wa Nakuru, ulitibiwa kwetu siku nne zilizopita. Kidonda kinaendeleaje? Kuna harufu, ama kuvimba?"

Jana yake mtu alikuwa amenipigia kuniambia nimeshinda gari. Nikamjibu, "Madam, jana gari, leo kidonda. Jipangeni kwanza." Nikakata.

Harufu ilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nasingizia gambuti.

Yule nesi angeweza kuachana na mimi. Badala yake alimtafuta mhudumu wa afya wa kijiji chetu, jirani yangu Mama Chebet. Asubuhi iliyofuata mama huyo akaja, akafungua bandeji bila kuniomba ruhusa. Mguu ulikuwa umevimba hadi karibu na goti. Akaita pikipiki, tukaenda zahanati, na daktari akasema ningekawia siku mbili zaidi tungekuwa tunaongea mambo ya kukata.

Sasa nisikilize. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, uliza nani atakupigia na lini. Acha namba yako, na ya jirani ambaye hushika simu. Siku ya bandeji ikifika, nenda hata kama husikii uchungu. Na simu ukiitilia shaka, kaulize zahanati. Usijifanye mpelelezi kama mimi. Mungu akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, na watu wa kukufuatilia ukinyamaza.

Mguu ulipoanza kupona nilimwambia Mama Chebet asante, nikaongeza kwamba pengine ungepona tu wenyewe, polepole. Akanitazama.

"Mzee, mguu ni wako, lakini ukikatwa ni sisi tutakubeba, na wewe ni mzito."