Jumba la Miaka Mia Tatu

Mimi ni mwashi; nimeshika mwiko miaka thelathini na moja. Kaka yangu ni wakili. Juzi aliniita ofisini kwake, akanisogezea simu nione picha: jumba la mawe huko nchi za watu, vyumba ishirini na viwili, shamba, hata zizi la farasi.

"Ni letu hili, mdogo wangu."

"Letu wewe na nani?"

Akajitia hamnazo. Jumba lina miaka mia tatu, akasema, kwa hiyo sheria ya huko inamkataza kubadili hata dirisha. Nyuma ya bustani kuna makaburi ya wenye nyumba wa kwanza, na hayo lazima ayatunze.

"Nimetia saini," akasema kwa majivuno. "Ile ni historia ya watu, bwana."

Jumba hilo kalinunua kwa kuuza shamba la baba bila kuniambia neno, eti kwa sababu hati ina jina lake. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka huko shambani. Mnunuzi kaleta tingatinga, na kaburi la baba, nililolijenga kwa mikono hii, nikaandika jina lake kwa msumari saruji ikiwa mbichi, limekuwa kifusi.

Nikatoa mfukoni kipande kilichobaki na herufi tatu, nikakibwaga mezani. Kaka akaiwahi simu yake isikwaruzwe.

"Kamzike huko kwako," nikamwambia. "Huko angalau umekatazwa kumgusa."