Kwenda Mukumu Kuifuta Katekisimu Yangu

Sikutumwa na mtu. Nilikwenda Mukumu kwa sababu khotsa wangu, yaani mjomba, ndugu wa mama, alikuwa anakufa katika hospitali ya misheni na amekataa kubatizwa, na aliyemfanya akatae ni mimi.

Kwetu Matete mpwa na khotsa hutaniana wapendavyo, na hakuna wa kuwakemea. Khotsa Makokha alikuwa mkata miwa asiyejua kusoma. Alipotaka ubatizo aliniomba mimi, msomi wa kidato cha pili, nimfundishe katekisimu kila jioni. Kitabu nilikishika kweli, lakini majibu niliyatunga mwenyewe. Nilimwambia nafsi za Mungu ni nne, ya nne ikiwa meneja wa kiwanda cha sukari, kwa maana naye haonekani na kila mtu anamngoja. Nilimwambia Yesu alifufuka siku trekta ilipokuja kubeba miwa. Siku ya mtihani aliyasema yote mbele ya katekista, amesimama wima, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Kanisa zima lilicheka. Katekista akadhani amelewa, akamrudisha nyuma mwaka mzima. Khotsa hakunitaja. Mimi nilikuwa benchi la mwisho, nimeuma kola ya shati nisisikike nikicheka.

Kabla mwaka haujaisha panga lilimteleza shambani likampasua mguu, na kidonda kikaoza. Akalazwa Mukumu, na habari zikatufikia kwamba anakataa ubatizo.

Jumamosi alfajiri nilitoka nyumbani bila kuaga. Miaka ile watu walikuwa wameng'oa hata mahindi wapande miwa, ikafika mpaka mlango wa jikoni. Unatembea katikati yake huoni nyumba wala mtu, unaona kipande cha mbingu tu. Nilifika barabara kubwa nimelowa umande mpaka magotini. Lori tupu la miwa likasimama.

"Unaenda wapi, kijana?" dereva akauliza.

"Mukumu, kumwona khotsa wangu. Alijikata na panga la miwa."

Akabadilisha gia. "Hii miwa inatukulanga pole pole, wewe."

Siku nyingine ningemjibu kitu cha kumvunja mbavu. Siku hiyo niliangalia miwa ikipita dirishani.

Karibu na Buyangu miwa ilikoma ghafla na msitu ukaanza, mweusi, umejaa ukungu. Humo nilifanya mazoezi ya kuungama. Kila nilipoanza, ilitoka kama kichekesho.

Saa nne aliniteremsha Kakamega mjini. Nilikwenda kwa miguu mpaka Mukumu, mvua ya rasharasha ikininyeshea njia nzima.

Adhuhuri nilifika wodini. Sista Klementina, muuguzi, alinizuia mlangoni.

"Wewe ni nani wake?"

"Mpwa."

"Yule msomi? Anakusifunga kila siku." Akashusha sauti. "Sumu imeingia kwenye damu. Nimemwambia mtu aliye hatarini hahitaji mtihani wa katekista. Hataki. Anasema kichwa chake hakishiki mambo ya Mungu, na hatamwaibisha Mungu mara ya pili."

Nikamwambia yote palepale barazani, hata habari ya meneja. Nilingoja kofi. Hakunipiga, na hakucheka.

"Yale ya kweli unayajua?"

"Nimeyakariri, Sista."

"Yalitoka wapi?"

"Kitabuni."

"Katekisimu ilikuja baadaye sana. Mungu ni mmoja, hilo tulilipokea kwa Wayahudi. Halafu wanawake wakaenda kaburini kwa Yesu wakalikuta tupu. Wakawaambia wenzao, na wenzao wakasema ni upuuzi, mpaka nao walipomwona. Basi kila aliyetaka kuingia majini abatizwe aliulizwa mara tatu: unamsadiki Baba? Mwana? Roho? Majibu hayo matatu ndiyo yaliyokua yakawa Nasadiki, sala ya imani tunayoisali. Maaskofu walikuja kubishana baadaye, kila neno likae mahali pake. Sasa ingia umwambie."

Khotsa alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Harufu ya mguu ilijaza pembe ile ya wodi.

"Khotsa, majibu niliyokufundisha ni uongo. Niliyatunga nikucheke."

"Yote?"

"Yote."

"Hata meneja?"

"Hata meneja."

Akatazama dari. "Nilikuwa nayasema nikikata miwa, mstari kwa mstari, nisiyasahau. Wenzangu walikuwa wananichekanga. Nikawaambia, mpwa wangu amesoma." Akapumzika. "Sasa nitajuaje ya leo si mzaha?"

Nikamwambia tu, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: Mungu ni mmoja, Baba aliyeumba vyote. Mwanawe alizaliwa mtu, akauawa msalabani, akafufuka siku ya tatu. Roho wake yuko nasi. Dhambi husamehewa. Wafu watafufuka na miili yao.

"Na mguu?"

"Na mguu, Khotsa."

Akaugusa mguu kwa vidole. "Mwite Sista."

Saa kumi Sista alileta maji kwenye bakuli, maana padre alikuwa safarini. Akamwuliza yale matatu. Khotsa alijibu "Nasadiki" mara tatu, lakini kila mara, kabla ya kujibu, alinigeukia kwanza kuona kama nacheka.

Jumapili asubuhi alifariki. Jumatatu mama alikuja na wazee, tukamrudisha Matete kwa pikapu, mimi nimekaa nyuma, mkono juu ya jeneza lisiruke kwenye mashimo. Wakata miwa wenzake walisimama kando ya njia, mapanga yameelekezwa chini. Mmoja akaniuliza, "Alifaulu?" Nikasema alifaulu. Hawakucheka.

Nilidhani imani ilitufikia imefungwa kitabuni, na ukikichezea kitabu huwezi kumdhuru mtu. Kumbe imetembea kwa midomo, mtu akimwambia mtu, tangu kaburi lile mpaka kwetu. Ilipofika zamu ya Khotsa Makokha, mdomo uliokuwapo ulikuwa wangu.