Taya la Kwenye Simu

Kila mwalimu wa shahada yetu ya uzamili ya sayansi ya uchunguzi wa jinai alikuwa na kitu chake, na cha mwenziwe hakigusi. Mmoja alikuwa wa sumu, mwingine wa vinasaba, mama mmoja mpole alikuwa wa saini na hati za kughushi, na msimamizi wangu mimi alikuwa wa mifupa. Ukimuuliza wa sumu swali la damu, anakuonyesha mlango wa jirani yake. Wanafunzi tuliwacheka sana. Watu wazima, maprofesa, wanaogopa kusema neno moja nje ya fani yao! Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana tangu utotoni, kijijini kwetu Ndagoni, sikuwahi kukosa jibu.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu aliyenilea, alikuwa na swali lililokosa jibu kwa miaka mitatu. Mumewe alikwenda kuvua asirudi. Chombo kilipatikana, yeye hakupatikana. Mama mkubwa akawa si mke, si mjane. Akialikwa harusini hajui avae nini, na akisikia hodi anashtuka mpaka kikombe kinamtoka mkononi.

Siku moja wanawake walikuwa wanafukua makumbi yao, yale maganda ya nazi yanayofukiwa kwenye tope la pwani yalainike ya kusokotea kamba, wakakuta mifupa ya mtu. Binamu yangu akanitumia picha kwa simu, fuvu na taya. Nilikuwa bwenini Dar es Salaam, nakunywa chai. Nikaitazama kwa muda wa kumaliza andazi moja, nikamjibu kwamba hilo ni taya la mwanaume. Mwalimu wangu alikuwa ametuonya mara chungu nzima tusiseme lolote kwa kuona taya peke yake, mpaka tushike mfupa wa nyonga. Nilikumbuka vizuri tu. Lakini nyumbani ndiko walikoniuliza, na nilitaka waone kwamba nimesoma.

Neno langu likafika kabla ya askari, ambao mvua iliwakwamisha njiani. Wanaume wa msikitini walijitolea kuosha, mama mkubwa akakataa. Mke ana ruhusa ya kumuosha mumewe, akasema, na mke ni yeye. Akaiosha mifupa mmoja mmoja kwa maji ya majani ya mkunazi, akatia karafuu maiti, akaivisha sanda. Askari walipofika waliikuta inasubiri kuswaliwa. Wakaipeleka hospitali, wakaomba chuoni kwetu waletewe mtaalamu. Mama mkubwa akaingia eda.

Nilisafiri na mwalimu wangu kwa ndege. Nilimweleza habari ya kuosha, ya picha nikainyamazia. Mtu huyu aliwahi kumtoa mwanafunzi maabara kwa kosa la kupangusa vumbi kwenye fuvu. Alipoifungua sanda, harufu ya karafuu maiti ikajaa chumba kizima. Tope lote alilolihitaji lilikuwa limekwenda na maji. Nikasubiri afoke.

"Nani aliyeosha?"

"Mkewe."

"Ameosha vizuri," akasema, akavaa glavu.

Baada ya muda akanipa mfupa wa nyonga, akaniambia nitie kidole gumba kwenye pengo lake. Kidole kikacheza huku na huku. Kwa mwanaume kingebana. Akanionyesha na alama nyingine, na zote zilisema hivyo hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni mwanamke," nikasema.

"Ni mwanamke. Na aliyewaambia ni mwanaume ni nani?"

Nikamwambia. Alinitazama kwa huruma, na afadhali angenifokea.

"Basi utakwenda kumwambia wewe."

Mwanaume mgeni haingii kwa mwenye eda, kwa hiyo tulipofika Ndagoni mwalimu alivua viatu akakaa barazani, karibu na pazia. Mimi nikaingia ndani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba yule ni mwanamke, na kwamba aliyekosea ni mimi, hakuna mwingine. Akaitazama mikono yake.

"Mwanamke mwenzangu," akasema. "Basi kumuosha sikukosea." Kisha akaligeukia pazia. "Mwalimu, na mume wangu mimi yu wapi?"

Nikamsikia akilisogelea pazia.

"Mama, mimi najua mifupa tu. Alipo mumeo sijui. Nisamehe."

Mama mkubwa akaitikia kwa kichwa, ijapokuwa hakuwa akionekana. Nikamshika mkono, nikalia mbele yake bila haya. Yeye hakulia.

"Siku tisa hizi nimelala usingizi, mwanangu," akaniambia. "Nilikuwa najua alipo."