Unga wa Macho ya Paraskevi

Kwa miaka ishirini na miwili, tangu afiwe na mumewe, Zinovia alifagia kanisa la kijiji na kutia mafuta taa zake. Uso wa Bwana uliochorwa kwenye kuba ulimtazama kila alipopita na ufagio, wala hakuuogopa. Asubuhi hiyo hakuthubutu kuinua kichwa.

Mjukuu wake Anthusa alikuwa ameamka na macho mekundu, yamegandwa na tongotongo. Zinovia alifanya kama walivyofanya mama zake: alikwenda kukwangua rangi ya macho ya Mtakatifu Paraskevi, mponya macho, aliyechorwa ukutani mwa kanisa, akaikoroga na maji, akamdondoshea mtoto. Ila Paraskevi wa zamani alikwisha kwanguliwa hadi jiwe. Basi alikuwa amemwendea yule mpya, ambaye fundi Manasi alimchora juzi tu, lipu ingali mbichi.

Mtoto alipiga ukelele, akakataa kufumbua macho. Mtakatifu amekasirika, alijiambia Zinovia. Akamwacha mtoto kwa jirani, akakimbilia kanisani kuomba radhi.

Alikuta watu wamejaa mbele ya mtakatifu aliyekwanguliwa macho. Padri Leontio amemkaba shingo Balani, mchungaji wa kondoo kutoka milimani.

"Nani mwingine kama si wewe, mshenzi?"

"Baba, mimi hata mlango huu sijawahi kuuvuka!"

"Mkateni mkono," mmoja akacheka, "tuone atakamua kondoo kwa mkono upi!"

Zinovia akisema, mkono utakaokatwa ni wake.

Manasi alikuwa akipapasa ukuta kwa kidole, amenuna. "Mjinga aliyefanya hivi! Chokaa hii bado inaunguza. Ikiingia jichoni, kabla ya adhuhuri jicho limekwisha."

"Na ikiingia, fundi… inatolewaje?"

"Mama Zinovia, mbona unauliza?"

Zinovia alinyamaza. Kimya hicho kilikuwa kifupi, lakini kilikuwa kiovu, kwa maana ndani yake alipima mkono wake na macho ya mtoto, na mkono ukawa mzito zaidi.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Mwachieni huyo. Nimemtilia Anthusa machoni."

Manasi alishanyakua ndoo. "Maji! Maji safi, mengi! Nyumba ipi?"

Hawakumkata mkono. Padri alimweka nje ya mlango wa kanisa mwaka mzima, awe akiwaomba msamaha waingiao. Jicho la kulia la Anthusa lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu, na kila aliyeuliza sababu, Zinovia alimwambia.