Uyoga Uliokatwa Shina

Juzi sokoni Babati nilishika pakiti ya uyoga mweupe, umeoshwa, umekatwa vizuri kwa chini. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaugeuza kutafuta mzizi. Palepale nikawa nimerudi Endagikot, miguu peku, ukungu umeshuka mpaka kwenye mahindi.

Wakati ule bado tulikuwa Mkoa wa Arusha, na mvua ilikuwa haijajifunza kuchelewa. Bibi alinitangulia msituni polepole, ndani ya sweta lake la mtumba, na harufu ya majani yaliyolowa naisikia hata sasa nikifumba macho. Uyoga wa kuliwa, alinifundisha, huota kwenye kichuguu, na haukatwi. Unaufukua taratibu kwa kijiti mpaka mzizi wote utoke, ule mrefu unaoshuka kwa mchwa. Usio na mzizi huo tuliupita tu, hata uwe mzuri namna gani.

Mwalimu wetu alitoka Songea, na aliukumbuka uyoga wa kwao mpaka akatia huruma. Nilimpenda mno. Siku moja, nikiwa peke yangu, nikaona chini ya mti uyoga wa ajabu, mweupe, una pete shingoni. Kichuguu hapakuwa nacho. Nikaukata shina ili mzizi usiulizwe, nikampelekea.

Nyumbani nikajisifu. Bibi akauliza, "Mzizi wake uko wapi?"

Nikakiri kwamba niliukata. Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, akakimbia, nami nyuma yake nikilia.

Mwalimu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Shikamoo, bibi."

Bibi akampita bila kuitikia. Kwetu hilo halifanyiki. Akaibeba sufuria, akamwaga kila kitu nje, akafukia. Ndipo akageuka, anahema.

"Marahaba, mwanangu. Umeonja?"

"Bado, bibi."

Bibi akakaa chini pale pale kwenye tope.

Hakunichapa. Jumamosi alitupeleka wote wawili msituni, akampa mwalimu kijiti, na mchana kutwa walifukua wakicheka huku mimi nimeshika kapu, aibu ikiniisha kidogo kidogo.

Vile vichuguu vimeshakuwa matofali. Mwalimu alihamishwa, bibi amelala kando ya shamba. Pakiti niliirudisha mezani.

"Huu ni salama, dada," muuzaji alisema.

Najua ni salama. Ila siku hizi nikikosea, hakuna wa kukimbia.