Marobota kwenye Ukuta wa Kaskazini

Viazi vilipokwisha kuvunwa, Rosaire Michaud aliizungushia nyumba yake marobota ya nyasi kavu, kutoka chini hadi usawa wa madirisha. Ndivyo alivyofanya baba yake, na kaskazini mwa Maine, jimbo la Marekani linalopakana na Kanada, mtu asiyeziba nyumba kabla ya theluji huonekana mvivu. Rosaire hakuwa mvivu. Alikuwa mbishi, na hilo ni baya zaidi.

Mwaka ule binti yao aliwawekea tanuru la gesi badala ya jiko la kuni. Moshi wake haukupanda juu ya paa. Ulitokea kwenye bomba jeupe ubavuni mwa nyumba, upande wa kaskazini, karibu na ardhi. Fundi alimwonya Rosaire asiweke kitu mbele ya bomba hilo. Aliitikia, lakini fundi alipoondoka aliona tundu tu linalopoteza joto. Akalisukumia robota. Mazoea yana taabu.

Baridi ilipokaza, mkewe Géralda akaanza kuumwa kichwa na kutapika. Kanisani alikuwa mzima. Akirudi nyumbani, yaleyale. Rosaire naye kichwa kilimgonga, akasema ni mafua. Mkewe akimwomba afungue dirisha, alimtania kwamba anataka kuwapasha joto ndege wa Kanada.

Asubuhi moja kikalia king'ora ambacho binti yao alikitundika kwa ajili ya ile hewa ya sumu ya tanuru, isiyo na rangi wala harufu. Rosaire hakuona moshi, hakunusa kitu, basi akakichomoa betri, akaketi kunywa kahawa. Géralda alikuwa akigeuza chapati. Mwiko ulimponyoka, naye akaanguka.

Hapo Rosaire aliogopa kweli. Alimburuta hadi nje kwenye theluji, akampigia kelele jirani aite zimamoto. Walipofika waliwavalisha wote wawili barakoa za oksijeni. Alipotaka kurudi ndani kumchukulia mkewe koti, Noella Pelletier, mmoja wa wazimamoto, ambaye Rosaire aliwahi kumpakata alipokuwa mtoto mchanga, alimzuia mlangoni.

“Huingii, mzee. Hakuna koti la kufia.”

Akazunguka nyumba, akarudi na nyasi kwenye glavu zake.

“Lile robota la kwenye bomba kaliweka nani?”

“Mimi.”

Noella hakumkaripia. Rosaire angependa akaripiwe.

Géralda alipona, ila kumbukumbu haikurudi yote. Msimu uliofuata alikaa kibarazani akimtazama mumewe akipanga marobota na kuacha nafasi pana kuzunguka bomba.

“Mzee, hapo umesahau kuziba.”

Binti yao alikuwa amemshauri baba yake aseme tu kwamba nyasi zimepungua. Rosaire alikataa.

“Sijasahau. Mwaka jana nilipaziba, nusura nikuue.”

Géralda alimtazama kwa huruma, kama anayepewa habari za msiba wa mtu mwingine.

“Pole, mume wangu.”

Kesho yake aliuliza tena. Rosaire akaweka robota chini, akamjibu yote upya.