Mstari Ambao Sista Hakuusema

Juzi nilikwenda Katwe kununua sigiri ya mkaa, na mafundi walivyokuwa wakigonga mabati, ulimi wangu ukaanza wenyewe kusema shairi. Fundi aliyekuwa karibu aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayesali peke yake sokoni. Mdundo ule, msomaji wangu, ndio aliokuwa akiugonga Sista mezani kwa rula ya mbao, nilipokuwa msichana mdogo Makindye.

Baba alikuwa askari na tuliishi kambini. Sista, mwalimu wetu, alikuwa mtawa mzee aliyetoka Ireland akiwa bado binti. Hakujua kutulia. Alizunguka darasani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akiacha nyuma yake harufu ya sabuni ya kufulia na peremende. Alitufundisha mistari ya mshairi mmoja wa kwao, juu ya mtu aliyezeekea ugenini akarudi nyumbani. Anaona moshi juu ya paa. Anafika mlangoni, anasikia watu wakicheka ndani, na hakuna hata sauti moja anayoijua.

Tulikuwa na mchezo. Sista akinyamaza katikati ya shairi, darasa zima hudakia mstari unaofuata, na anayechelewa huchekwa.

Nyumbani niliisema mistari ile nikiosha vyombo na nikichota maji, mpaka Mama, ambaye hakujua Kiingereza, akachoka.

"Hiyo maneno unasema kila saa, iko na maana gani?"

Nikamweleza. Akaacha kuchambua maharage.

"Sasa huyo mzee aliingia ama hakuingia?"

"Shairi linaishia hapo, Mama."

"Hapo si mwisho," alisema. Baba alikuwa kazini mbali wakati huo, na jioni ile Mama hakukaa kitini. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena.

Kisha tukaambiwa Sista amezeeka, wakubwa wake wanamrudisha kwao akapumzike. Sisi watoto tulifurahi kwa ajili yake. Nani hapendi kwenda kwao? Siku ya kumuaga, wazazi walijaa ukumbini, mvua ikitishia kunyesha, upepo ukipiga madirisha. Sista aliombwa aseme neno. Alisema badala ya hotuba atatupa shairi letu.

Alianza vizuri, akitembea huku na huku kama kawaida yake. Akafika kwenye moshi juu ya paa. Akafika mlangoni. Hapo akasimama, akashika ukingo wa meza, na hakuendelea.

Tulijua la kufanya. Tulidakia sote, kwa sauti iliyoshinda upepo, kwamba wanacheka ndani na hakuna sauti hata moja anayoijua. Wazazi walipiga makofi. Sista alitutazama mmoja mmoja, akatabasamu, akasema kwa upole, "Vizuri sana, wanangu." Kisha akakaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa.

Tukirudi kambini nilimwambia Mama kwamba Sista kweli amezeeka, siku hizi anasahau. Mama aliniongoza haraka kabla mvua haijatukuta, akinibana mkono.

Miaka kadhaa baadaye Baba alistaafu, tukatakiwa kuhama kambini kwenda kwao kaskazini, mahali ambapo mimi sikuwahi kuishi na Mama alikuwa ameondoka zamani. Lori likiwa limeshapakiwa, Mama alikwenda kumuaga jirani yake, mwanamke aliyesaidiana naye kulea watoto. Nilikuwa nyuma yake. Alisema, "Basi, mama, sisi tunaenda..." na neno la mwisho, lile jepesi la "nyumbani" ambalo kila mtu analijua, halikutoka. Jirani naye hakumsaidia. Alimshika mabega tu, wakasimama hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Nililia safari nzima, na Baba alidhani ninalilia shule.

Sista hakuwa amesahau chochote. Alikuwa na mistari ile kichwani tangu kabla mama zetu hawajazaliwa. Alifika mlangoni siku ile akasimama, akitaka kubaki nje kidogo, na sisi tuliompenda kuliko watu wote duniani ndio tuliomsukuma ndani.